Kuunda na kuchora mapigo ya ishara kwa GNU Octave: kutoka mota ya servo hadi mwangwi wa kilohezi 40

Wengi wanaoanza kuchora ishara kwa kompyuta hukimbilia amri ya `plot`. Wanaandika pigo, yaani ishara inayopanda na kushuka kwa muda mfupi, wanabonyeza, grafu inatokea na inapendeza. Kumbe upana uliochorwa sio waliouomba, au mawimbi manane yamegeuka mawili, na programu haikutoa onyo lolote. Karibu makosa yote ya aina hii yana chanzo kimoja: muda haukupangwa kabla ya pigo. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitakaa sana kwenye muda, na mambo mengine nitayapita haraka.

Tutafanya kazi na mapigo mawili ya kweli, ambayo mwanafunzi wa ufundi au uhandisi hukutana nayo mezani. La kwanza ni pigo linaloongoza mota ya servo, mota ndogo inayogeuka hadi pembe unayoiamuru na kukaa hapo. La pili ni pigo la sauti la HC-SR04, kile kipima umbali chenye macho mawili ya duara. Hilo la pili tutalifuata mpaka lirudi kama mwangwi uliozama kwenye kelele, kisha tulitoe humo.

Programu ni GNU Octave. John W. Eaton alianza kuiandika mwaka 1992 na kuipa jina la mwalimu wake wa uhandisi wa kemia, Octave Levenspiel. Ni ya bure, na lugha yake inafanana sana na ya MATLAB, programu ya kulipia ya hesabu za kihandisi. Kama chuo chako kina MATLAB, mistari ya hapa itakwenda humo pia, isipokuwa ile inayoanza na `pkg`; `pulstran` humo huhitaji Signal Processing Toolbox.

Maandalizi

Kwenye Windows, pakua kisakinishi kutoka tovuti ya Octave yenyewe. Kifurushi cha ishara (`signal`), yaani nyongeza yenye funksheni za kazi za ishara, huja humo humo. Kwenye Ubuntu au Debian:

```
sudo apt install octave octave-signal
```

Kifurushi hicho hakijiwashi. Kila ukifungua Octave na ukitaka funksheni zake, andika `pkg load signal`. Lakini mapigo ya mwanzo tutayaunda bila kifurushi, kwa mikono yetu. Nashauri kila anayejifunza afanye hivyo, kwa sababu anayejua pigo limejengwaje haogopi funksheni iliyotengenezwa na mtu mwingine.

Andika kazi yako kwenye faili la `.m` ndani ya kihariri cha Octave, usiiandike mstari mmoja mmoja kwenye dirisha la amri. Jina la faili lisiwe na nafasi, lisianze na tarakimu, na lisifanane na jina la funksheni. Ukiliita faili lako `plot.m`, kuanzia hapo ukiomba `plot` Octave italifungua faili lako badala ya kuchora. Jambo hili huwapotezea watu jioni nzima.

Muda kwanza

Kompyuta haina mstari wa muda usiokatika. Ina sampuli, yaani nukta zilizopangwa kwa hatua sawa. Idadi ya sampuli kwa sekunde tutaiita `fs`, na hatua kati ya sampuli mbili ni `1/fs`. Chochote kilicho kifupi kuliko hatua hiyo hakiwezi kuonekana.

Anza hivi:

```
fs = 100000;          % sampuli kwa sekunde
N  = round(0.06*fs), % tunataka milisekunde 60
n  = 0:N-1;           % namba za sampuli
t  = n/fs;            % muda kwa sekunde
```

Utaona vitabu vingi vikiandika `t = 0:0.00001:0.06` moja kwa moja. Inafanya kazi, lakini ina matatizo mawili. Kwanza, inakupa sampuli moja ya ziada mwishoni: 6001 badala ya 6000. Kwenye grafu huioni, ila ukija kupima wastani au spektra (nguvu ya ishara kwa kila frikwensi, yaani kwa kila idadi ya mawimbi kwa sekunde) inaharibu hesabu. Pili, namba zenye desimali hazihifadhiwi kamili ndani ya kompyuta. Jaribu mwenyewe:

```
0.1*3 == 0.3
```

Jibu ni `0`, yaani si kweli. Tofauti ni ndogo mno, lakini inatosha kuifanya sampuli iliyo ukingoni mwa pigo iangukie upande usiotarajiwa. Pigo moja litakuwa na sampuli 150, jingine 151, na utatafuta sababu usiipate. Namba kamili hazina tabia hiyo. Kwa hiyo amua kingo za mapigo kwa `n`, na `t` iache kwa ajili ya kuchora na kwa mawimbi laini.

Pigo la servo

Servo ndogo za kawaida husubiri pigo moja kila milisekunde 20, yaani mara 50 kwa sekunde. Kinachoiambia mota ielekee wapi ni upana wa pigo: milisekunde 1 ni upande mmoja, 2 ni upande wa pili, na 1.5 ni katikati. Kimo ni volti 5.

```
P = round(0.020*fs), % kipindi: sampuli 2000
W = round(0.0015*fs), % upana: sampuli 150
y = 5*(mod(n, P) < W);
```

Mstari wa tatu ndio kazi yote. `mod(n, P)` inahesabu 0, 1, 2 mpaka 1999, kisha inarudi 0 na kuanza tena. Kulinganisha na `W` kunatoa 1 kwa sampuli 150 za mwanzo wa kila kipindi, na 0 kwa zilizobaki. Kuzidisha kwa 5 kunaleta volti, na papo hapo kunageuza majibu ya ndiyo na hapana kuwa namba za kawaida. Usipozidisha kwa chochote, izungushie `double( )`, maana baadhi ya funksheni za mbele hazipendi kupewa majibu ya kimantiki.

Kabla ya kuchora, hakiki kwa namba:

```
mean(y)
sum(y(1:P) > 0)
```

Ya kwanza iwe 0.375, kwa sababu pigo limewaka kwa asilimia 7.5 ya muda na asilimia 7.5 ya volti 5 ni 0.375. Ya pili iwe 150. Zikitofautiana, rudi nyuma, grafu haitakusaidia.

Sasa badilisha `fs` iwe 1000 na uendeshe tena kuanzia juu. `0.0015*1000` ni 1.5, na `round` inaifanya 2. Umeomba milisekunde 1.5, umepata 2. Kwa grafu ni nusu milisekunde tu, lakini servo halisi ingeacha katikati na kugeuka mpaka mwisho wa njia yake. Hakuna ujumbe mwekundu uliotokea.

Basi `fs` inachaguliwaje? Jiulize ni badiliko gani dogo kabisa unalolijali. Ikiwa servo yako hugeuka nyuzi 90 kati ya milisekunde 1 na 2, nyuzi moja ni mikrosekunde 11 hivi. Hatua ya mikrosekunde 10, yaani `fs` ya 100000, inakuonyesha karibu kila nyuzi. Ukitaka nusu nyuzi, ongeza mara mbili. Kipindi cha milisekunde 20 hakina neno hapa. Kinachoamua ni kitu chembamba kuliko vyote kwenye ishara.

Kuchora bila kudanganya macho

`plot` huunganisha nukta kwa mstari mnyoofu. Kwa wimbi laini ni sawa. Kwa pigo la mraba, kutoka sampuli yenye thamani 0 hadi yenye thamani 5 kunachorwa mstari wa mshazari, na `fs` ikiwa ndogo pigo linaonekana kama paa la nyumba. Tumia `stairs`, ambayo hushikilia thamani mpaka sampuli inayofuata, sawasawa na pini ya kidhibiti inavyofanya. Sampuli zikiwa chache na ukitaka kuziona moja moja, `stem` ndiyo yenyewe.

Rudisha `fs` iwe 100000 na uendeshe tena kuanzia juu, kisha tulinganishe nafasi tatu za servo:

```
upana = [1.0 1.5 2.0];
figure;
for i = 1:3
  W = round(upana(i)*1e-3*fs);
  y = 5*(mod(n, P) < W);
  subplot(3, 1, i);
  stairs(t*1e3, y, 'linewidth', 1.5);
  axis([0 60 -0.5 5.5]);
  grid on;
  ylabel('Volti');
  title(sprintf('Upana %.1f ms', upana(i)));
end
xlabel('Muda (ms)');
print('servo.png', '-dpng', '-r300');
```

Mstari wa `axis` una sababu. Usipouweka, kilele cha pigo hulala juu ya fremu ya grafu na sifuri hulala juu ya mhimili wa chini, hivyo msomaji haoni pigo linaanzia wapi. Acha nafasi kidogo juu na chini kila mara. Mhimili wa muda uandike kwa milisekunde, si kwa sekunde zenye sifuri nyingi. Mstari wa mwisho unahifadhi picha yenye ubora wa kuingia kwenye ripoti. Kupiga picha ya skrini kwa simu kunaharibu kazi nzuri.

Kifurushi cha ishara kina njia fupi ya kupanga mapigo, `pulstran`:

```
pkg load signal
d = (0:0.02:0.04) + 0.00075;
y = 5*pulstran(t, d, 'rectpuls', 0.0015);
```

Hapo `d` ni orodha ya nyakati za mapigo. Kwa nini tumeongeza 0.00075? Kwa sababu `rectpuls` hulichora pigo likiwa limekaa pande zote mbili za wakati uliotaja. Bila kuongeza nusu ya upana, pigo la kwanza lingeanza kabla ya sifuri na ungeliona nusu tu. Faida ya `pulstran` inaonekana pale mapigo yasipofuatana kwa nafasi sawa: unaandika nyakati unazotaka na yeye anazijaza. Kwa mapigo ya kipindi kimoja, `mod` inatosha na kingo zake ni za uhakika zaidi.

Pigo laini la umbo la kengele ni mstari mmoja, `exp(-t.^2/(2*s^2))`, ambapo `s` inaamua unene, upana wake kwenye nusu ya kimo ni `s` mara 2.355. Angalia ile nukta kabla ya `^2`. Inaiambia Octave ipandishe kila sampuli peke yake. Ukiiacha, Octave itadhani unazidisha matriksi na itakataa. Vivyo hivyo kwa `.*` na `./` kila unapokutanisha safu mbili za sampuli.

Pigo la sauti la kilohezi 40

HC-SR04 ukiipa amri ya mikrosekunde 10 kwenye pini yake ya kuanzisha, hutoa mawimbi manane ya sauti ya kilohezi 40, yaani mawimbi 40,000 kwa sekunde, juu ya uwezo wa sikio la binadamu. Wimbi moja lina mikrosekunde 25, manane ni mikrosekunde 200. Kisha pini ya mwangwi hubaki juu kwa muda ambao sauti imekwenda na kurudi.

Hapa kitu chembamba kuliko vyote ni wimbi moja la mikrosekunde 25. Tuchukue sampuli 25 kwa kila wimbi, yaani `fs` ya milioni moja:

```
fs = 1e6;
fc = 40e3;
M  = round(8*fs/fc);          % sampuli 200
m  = 0:M-1;
bahasha = 0.5*(1 - cos(2*pi*m/(M-1)));
pigo = bahasha .* sin(2*pi*fc*m/fs);

figure;
plot(m/fs*1e6, pigo, 'linewidth', 1.2);
axis([0 200 -1.2 1.2]);
grid on;
xlabel('Muda (mikrosekunde)');
ylabel('Kimo');
```

Nimeongeza bahasha, yaani umbo linalopandisha na kushusha kimo cha mawimbi, kwa sababu kipaza sauti cha aina hii hakianzi kutetemeka kwa nguvu zote mara moja. Hupanda taratibu na kushuka taratibu. Umbo halisi la kifaa chako halitakuwa na ulinganifu kama huu, lakini liko karibu na ukweli kuliko mawimbi manane yaliyokatwa kwa wembe.

Sasa fanya jaribio ambalo naliona muhimu kuliko mengine yote humu. Weka `fs = 50e3` na uchore tena pigo hilo hilo bila bahasha. Mikrosekunde 200 ni zile zile, lakini badala ya mawimbi manane utahesabu mawili. Kilohezi 40 imejificha na kujitokeza kama kilohezi 10, ambayo ni 50 toa 40. Harry Nyquist mwaka 1928 na Claude Shannon mwaka 1949 walieleza mpaka wenyewe: `fs` lazima izidi mara mbili ya frikwensi ya juu kabisa iliyomo. Huo ni mpaka wa kutopoteza habari tu. Kwa grafu ya kutazamwa na macho, sampuli mbili kwa wimbi hazichori kitu cha kueleweka. Chukua kumi, au zaidi ukiweza.

Rudisha `fs` iwe milioni moja, na tutazame spektra:

```
NF = 8192;
S  = abs(fft(pigo, NF));
f  = (0:NF-1)*fs/NF;
figure;
plot(f(1:NF/2)/1e3, S(1:NF/2));
xlim([0 100]);
grid on;
xlabel('Frikwensi (kHz)');
```

Kilele kitakaa kwenye 40. Ukitumia pigo lisilo na bahasha, nguvu inafika sifuri kilohezi 5 kila upande, kwa sababu 1 gawanya kwa mikrosekunde 200 ni kilohezi 5; lakini mbali zaidi kuna vilima vidogo vingi. Ukiweka bahasha, kilima kikuu kinapanuka hadi kama kilohezi 10 kila upande, na vile vidogo karibu vinatoweka. Hicho ndicho unacholipa na ndicho unachopata. Kujaza hadi 8192 kunaongeza nukta za kuchora tu, hakuongezi habari mpya.

Mwangwi ndani ya kelele

Tuseme uso wa maji ndani ya tangi uko mita 1.2 chini ya kipimo. Sauti hewani kwenye nyuzi joto 20 huenda mita 343 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 7 hivi.

```
c = 343;
umbali = 1.2;
N = 10000;                     % ms 10
t = (0:N-1)/fs;
k = round(2*umbali/c*fs);      % sampuli 6997
y = zeros(1, N);
y(k+1 : k+M) = 0.3*pigo;
randn('state', 7);
y = y + 0.3*randn(1, N);

figure;
plot(t*1e3, y);
xlabel('Muda (ms)');
```

Tazama grafu hiyo kwa utulivu. Mwangwi umo, lakini jicho haliwezi kuapa uko wapi. Mstari wa `randn('state', 7)` unafanya kelele iwe ile ile kila ukiendesha, ili ukibadilisha kitu ujue badiliko limetoka kwako. Ukiridhika, uondoe na ujaribu kelele tofauti tofauti.

Njia ya kuutoa ni kulipitisha pigo lenyewe juu ya ishara yote, sampuli kwa sampuli, na kuuliza kila mahali: hapa mnafanana kiasi gani? Kwa Octave ni mistari michache:

```
r = filter(fliplr(pigo), 1, y);
[kilele, i] = max(r);
k2 = i - M;
fprintf('Umbali: %.3f m\n', k2/fs*c/2);

figure;
plot(t*1e3, r);
grid on;
xlabel('Muda (ms)');
```

`fliplr` inaligeuza pigo nyuma mbele, na `filter` inafanya kazi ya kulinganisha. Tunatoa `M` kwa sababu ufanano unakuwa mkubwa kabisa pigo likishaingia lote. Mwanzo wake uko sampuli 200 nyuma. Grafu ya `r` inaonyesha mnara mmoja unaosimama juu ya kelele. Chora ya `y` juu na ya `r` chini kwa `subplot`. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo picha moja inayoeleza kazi hii kuliko maneno yoyote.

Ukijaribu kelele nyingi tofauti, mara nyingine jibu litaruka kwa milimita 4 hivi. Sababu yake ni kwamba mnara una meno, jino moja kwa kila wimbi la sauti, na kelele inaweza kulinyanyua jino la jirani. Jino hadi jino ni mikrosekunde 25, na nusu ya umbali wa sauti kwa muda huo ni milimita 4.3. Bahasha fupi zaidi hupunguza tatizo, na kelele ndogo hupunguza zaidi.

Ujue pia kwamba HC-SR04 haikupi ishara ghafi. Inakupa muda tu kwenye pini ya mwangwi, na watu wengi hugawanya mikrosekunde hizo kwa 58 ili wapate sentimita. Hiyo 58 imetokana na kasi ya mita 343. Ukitaka kutumia njia ya ufanano kwenye kifaa halisi, lazima usome kipokea sauti chenyewe kwa kibadilishaji cha volti kuwa namba (ADC) chenye kasi ya kutosha.

Na hapo pana kosa kubwa kuliko meno ya mnara. Tangi lililo juu ya paa Dar es Salaam au Mombasa halikai kwenye nyuzi 20. Kwa nyuzi 30 sauti huenda mita 349.5 kwa sekunde, mwangwi unafika mapema, na programu inayong'ang'ania 343 inasoma mita 1.178 badala ya 1.2. Hizo ni sentimita 2.2, mara tano ya kosa la jino moja. Weka kipimajoto karibu na kipimo, na badala ya `c = 343` andika:

```
joto = 30;
c = 331.3 + 0.606*joto;
```